Arobaini, na Gari Limesimama

“Usifungue, Mama Adero! Nimekwambia mchungaji anakuja.”

“Mchungaji anajua waya?”

Oketch hauachi mlango wa gari lake. Injini inanguruma polepole, magurudumu yametulia. Kwenye dashibodi, tarakimu za kijani za spidomita, kipima mwendo, zinasoma arobaini. Hazipandi, hazishuki.

Caren Awuor, Mama Adero kwa wateja wake, fundi wa umeme wa magari mtaani Kondele, Kisumu, amefanya kazi hii miaka kumi na minne. Spidomita mbovu huruka ovyo au huzima kabisa. Hii imetulia kama ya gari lililo safarini. Vinyweleo vinamsimama.

Gari hilo hubeba omena, dagaa wa ziwani, kutoka Luanda Kotieno. Mwezi uliopita lilibeba jeneza la Tom, kaka yake Oketch, kutoka mochari hadi nyumbani.

“Tulienda mwendo wa arobaini njia nzima, nyimbo zikilia juu ya paa,” Oketch anasema. “Tangu hapo, nikiwasha tu, arobaini. Hiyo ni jachien, roho yake. Tom bado yuko njiani. Mtu wa vyuma chakavu anakuja kulichukua gari mchana.”

“Na watoto wako wale nini? Hewa?”

Caren anamsogeza kando, anazima injini na kung'oa kifuniko cha dashibodi.

“Hizo nyimbo zilitoka wapi?”

“Kwa spika. Vijana wa matanga waliifunga hapo juu.”

“Na moto wakautoa huku.”

Anavuta waya mwekundu, ncha ikiwa uchi, uliofungwa kwa utepe wa zambarau uliopamba jeneza. Katika haraka ya msiba, waliuunga kwenye waya unaoipa spidomita taarifa za mwendo kutoka kwenye gia. Spika ikaondolewa, waya ukabaki.

“Unanasa kelele za umeme wa injini,” anaeleza. “Spidomita inadhani ni magurudumu.”

Anaukata, anafunga vizuri, anawasha. Sifuri.

Oketch ananong'ona, “Lakini kwa nini arobaini hasa?”

“Hilo silijui, Baba.”

Oketch hagusi usukani.

Mwaka mzima Caren amesema atafungua kibanda Luanda Kotieno, ambako maji ya barafu ya samaki hula nyaya za magari na fundi hakuna. Kila mwezi huahirisha. Sasa anafunga duka lake kwa kufuli na kuketi penye usukani.

“Mpigie huyo wa vyuma, na mchungaji, wasije. Wewe unafuata omena, mimi naenda kulipia kibanda. Ingia.”

Oketch anapiga simu. Anazunguka, anaingia upande wa abiria, na Caren anaondoa gari.