Kompyuta Mbili, Anwani Moja

Nilipohamishiwa Dodoma kama fundi wa mtandao, nilikuta ofisi yetu ya Mtumba ina ugomvi ambao hakuna aliyeuelewa. Katibu muhtasi, mama wa Kigogo aliyekaribia kustaafu, alikuwa hasemi na ofisa ugavi, kijana wa mjini anayependa mashati meupe na utani.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu aliponiita mezani kwake.

"Marahaba, mwanangu. Yule akiwasha kompyuta yake tu, intaneti yangu inakatika. Akisafiri, nafanya kazi vizuri kabisa. Sasa niambie, namsingizia?"

Kijana alisikia kutoka chumba cha pili. "Na mimi mama akiwepo sipati kitu. Alipokwenda likizo nilistarehe."

Nilikagua mashine zote mbili. Fundi aliyenitangulia alikuwa akiingiza anwani za IP kwa mkono, kompyuta moja baada ya nyingine, na hizi mbili alizipa namba ileile. Nikawaeleza kwamba ni kwa anwani hiyo mtandao unajua ujumbe uende mashine ipi, kwa hiyo walikuwa wananyang'anyana.

Mama akafikiri kidogo. "Kumbe tumegawiwa kiwanja kimoja."

"Na kila mtu ana hati," kijana akajibu.

Mama alijikaza asicheke, akashindwa.

Ningeweza kubadilisha namba moja nikaenda zangu. Lakini wafanyakazi wapya walikuwa wanaendelea kuja, nami sikutaka kusuluhisha majirani kila mwezi. Niliomba ruhusa kwa mkuu wangu, na mchana wengine walipokwenda kula, hawa wawili wakabaki, nikafungua kabati la swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta zote za ofisi, nikapuliza vumbi jekundu, nikaunganisha laptopu yangu. Niliiagiza swichi igawe anwani yenyewe kwa kila kompyuta itakayoomba. Nikaipa namba za kuanzia na kuishia, na nikaikataza kugawa namba ya printa na ya kwake yenyewe.

Nikarudi kwa mama, nikafuta ile namba ya zamani na kuchagua ipatikane kiotomatiki. Mara ikaja mpya. Nikafanya hivyo hivyo kwa kijana, naye akapata ya kwake. Nilikuwa natabasamu hadi mama alipojaribu kufungua barua pepe. Hakuna kitu. Kwa kijana pia, hakuna.

"Sasa umetukosesha wote," alisema kijana.

"Angalau tuko sawa," alisema mama.

Nilirudi kabatini jasho likinitoka, nikasoma maagizo yangu mstari kwa mstari. Nilikuwa nimewapa anwani bila kuwaonyesha njia ya kutokea nje, yaani anwani ya ruta, kifaa kinachotuunganisha na intaneti. Nikaiongeza, nikahifadhi, nikaziambia kompyuta ziombe upya.

Barua pepe za mama zikaanza kumiminika.

"Kwako?" mama alimwuliza kijana kwa sauti.

"Ipo," alijibu kijana.

Mama hakuridhika. Aliinuka akaenda kusimama nyuma ya kiti cha kijana ajionee, kisha akarudi kuangalia kwake. Ipo. Akamwuliza kijana kama amekula. Hakuwa amekula, wala mimi.

Mama akatoa hotpoti yake ya ugali na mlenda, ile mboga ya kuteleza ya Kigogo. Kijana, ingawa mzaliwa wa Dodoma, hakuwa amewahi kula mlenda. Tonge la kwanza lilivuta nyuzi hadi kwenye kola ya shati lake jeupe. Mama alimfunga khanga yake shingoni kama mtoto, na tukaendelea kula.