Mjane Niliyemkuta Ndani ya Nyumba Iliyofungwa

Mimi siapi. Mama alinikataza tangu mdogo kulitaja jina la Mwenyezi Mungu kwenye maneno ya barazani, na hapa pia sitaapa. Ila haya ninayokueleza niliyaona kwa macho yangu, saa nne asubuhi, jua linawaka, nimeshiba uji wangu, sina homa. Ukiamini sawa, usipoamini pia sawa. Funguo ninazo mpaka leo.

Funguo zenyewe ni za nyumba ya Mzee Shabani na mkewe Bibi Zaina, hapa Kondoa, jirani zangu. Mzee alikuwa bwana afya, mkewe mwalimu. Mzee kwao Tukuyu, Bibi Zaina ni Mrangi wa hapa hapa. Walipostaafu wakaugawa mwaka. Wakati wa mvua wanakaa Tukuyu, kwenye migomba yao na wajukuu. Ikifika mwezi wa sita, ukungu na baridi ya kule vikianza kumkaba Mzee kifua, wanarudi huku kwetu kwenye ukavu mpaka mvua zikaribie tena.

Kwa nini mimi ndiye nishike funguo? Kwa sababu Bibi Zaina ndiye aliyeniambia, nina watoto watatu na wa nne tumboni, "Mama Salma, wewe una kichwa, nenda kasome masomo ya jioni." Nikaenda. Nikakaa dawati moja na wanaume wenye mvi mpaka nikaweza kusoma karatasi za hospitali bila kumwomba mtu. Mtu wa namna hiyo hata akikupa funguo za mbinguni unamtunzia.

Sasa Mzee alikuwa na jambo lake moja. Kila mwaka, siku tatu kabla hawajaja, ananipigia simu: "Mama Salma, nenda mlangoni kwetu, piga hodi mara tatu, sema wenyewe wanarudi. Usifungue. Ondoka zako, ufungue siku tunayofika." Nilikuwa nafanya huku nacheka moyoni. Nyumba ina kufuli nje, hodi nampigia nani? Nikimuuliza anajibu, "Wewe piga tu, mama. Hodi hailipiwi." Nikasema haya, wazee wana mambo yao.

Mwaka juzi simu ya Mzee haikuja. Ilikuja ya Bibi Zaina, tena tayari wako ndani ya basi, wanakaribia kuingia Kondoa. Mzee kifua kimebana vibaya, daktari wa Tukuyu kasema akikaa kwenye ule ukungu hauvuki huo mwezi. Wametoka bila kujiandaa. "Tufungulie tu mwanangu, apate pa kulala."

Nikachukua ndoo na fagio, nikaenda mbio. Simu nimeibana begani bado naongea na Bibi Zaina, mkono mmoja natia mafuta ya taa kwenye kufuli lenye kutu. Likafunguka. Nikaingia. Hodi sikupiga. Hata salamu ile tunayofundishwa kuitoa ukiingia nyumba isiyo na mtu, mimi, mtu wa swala tano, sikuitoa. Nikaenda moja kwa moja kufungua dirisha la sebuleni.

Mwanga ulipoingia nikaona vumbi limelala sakafuni kama unga. Nyuma yangu kuna alama za ndala zangu, kutoka mlangoni mpaka nilipo. Mbele yangu hakuna alama yoyote. Na katikati ya vumbi hilo kuna mkeka, msafi kama umefuliwa jana, na juu yake amekaa mama mtu mzima. Nguo nyeupe mwili mzima, ushungi mweupe, mkononi hana hata bangili. Ananitazama.

"Leo umeingia kama mwizi, Mama Salma," akasema. "Hata hodi?"

Simu ikaniponyoka. Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi mdomo wangu ulisema wenyewe, kwa mazoea tu, "Shikamoo."

"Marahaba. Okota simu yako, itajaa vumbi."

Sikuiokota. Nikamuuliza kapitia wapi, maana kufuli nimelifungua mimi mwenyewe sasa hivi.

"Mlango huo ni wenu," akasema. "Sisi tuna wetu."

Hapo nikaelewa niko mbele ya nini. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiy, kwa sauti, macho nimeyafumba. Nimeisoma tangu niko madrasa, naisoma nikilala, naisoma nikikata vitunguu. Siku hiyo nikafika katikati nikakwama. Niamini, yule mama akanishikia pale pale nilipokwama. Akaisoma taratibu mpaka mwisho, kwa matamshi mazuri kuliko ya ustadhi wetu.

"Umemaliza?" akasema. "Ungeniambia tu kwamba unaogopa."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Nililelewa nikijua kwamba kikisomwa kisomo wao wanakimbia. Huyu kanisaidia kusoma. Unamfukuza na nini sasa?

Akanieleza, kama jirani anavyomweleza jirani. Kwamba yeye na mumewe ni wazee pia, na wamekuwa wakipokezana nyumba ile na akina Mzee mwaka wa tisa sasa. Wenye nyumba wakienda kwenye mvua, wao wanaingia. Hodi ikipigwa wanafunga mizigo, siku tatu zinawatosha. "Tumewahi kukuvunjia hata kikombe?" akaniuliza. Nikatikisa kichwa. Kweli, hata panya sijawahi kumkuta mle ndani.

"Mwaka huu hata ungepiga hodi nisingetoka," akasema. "Mzee wangu ana siku kumi na saba tangu atutoke, kwenye chumba kile pale. Nimo edani. Niende wapi?"

Mimi ni mwanamke wa Kiislamu, hilo sikuhitaji kuelezwa. Mjane anakaa eda yake kwenye nyumba aliyofiwa, miezi minne na siku kumi, na anayemtoa anatafuta lawama kwa Mungu. Nikapiga hesabu kichwani. Eda yake ingeisha kiangazi kikielekea mwisho. Na Mzee wangu mimi yuko njiani, hana pumzi. Kwangu vyumba ni viwili, watoto wanne, na moshi wa kuni unaingia mpaka kitandani. Nikimlaza kwangu nimemmaliza.

"Mzee wetu kifua kinamuua," nikasema. Nilikuwa nalia.

"Nakijua kifua," akasema. "Wangu kimemchukua hicho hicho."

Basi tukakaa pale wanawake wawili, kama niseme wawili, kila mmoja na mzee wake. Nikamwambia sitamtoa, ila wenyewe sijui nitawaambia nini. Akasema, "Waambie ulichokiona."

Bajaji ikaunguruma nje.

Nikatoka, nikawakuta wanamshusha Mzee. Midomo ya bluu, Bibi Zaina amemshika kwapa. Mzee akafika barazani, akaweka mkono kwenye nguzo, na neno la kwanza alilolitoa na ile pumzi ya shida, si maji, si kitanda.

"Mama Salma. Ulipiga hodi?"

Sitakuficha, uongo ulikuja. Ulikuwa hapa kwenye ulimi. Ningesema nimepiga, angeingia, angelazwa kwenye kitanda alichofia mtu. Nikasema, "Sikupiga, Mzee. Nisamehe."

"Wamo?"

Kumbe alikuwa anajua. Miaka yote ile.

"Yumo mmoja," nikasema. "Amefiwa. Amekaa eda."

Mzee akakaa chini, pale pale barazani. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akafuta uso kwa kofia yake. Bibi Zaina akamwambia, "Baba Asha, na wewe utalala wapi?" Yeye hakushtuka kwamba kuna mtu ndani. Alishtuka kwamba chumba cha kulala ni hicho kimoja. Mimi ndiye niliyekuwa nashangaa peke yangu kama mgeni.

"Chumba ni chake," Mzee akasema. "Sisi tutalala sebuleni." Kisha akageukia mlango uliokuwa wazi, akapiga hodi mara tatu, akasema kwa adabu, "Pole sana, dada. Poleni na msiba."

Tulipoingia mkeka haukuwepo sebuleni, na mlango wa chumba ulikuwa umerudishiwa. Vumbi lilikuwa limelala vile vile.

Kiangazi chote walilala sebuleni, godoro chini, miguu karibu na meza ya chai. Wajomba wa Bibi Zaina walipokuja kutembea wakauliza kulikoni, akawaambia chumbani kunavuja. Kunavuja nini, Kondoa, mwezi wa nane? Kifua cha Mzee kikafunguka kidogo kidogo kwa ule ukavu. Chumba kile hatukukifungua. Siku moja asubuhi mabomba ya mtaa mzima yamekauka, tukasikia maji yanamwagwa uani, mengi, muda mrefu, kama mtu anayeoga baada ya kumaliza jambo. Bibi Zaina akahesabu siku kwa vidole. Akasema, "Ametoka eda." Tulipofungua chumba kilikuwa kimefagiliwa.

Mzee alipata mwaka mmoja zaidi. Alifariki mwaka jana mwezi wa nane, kwenye kitanda chake, kwenye chumba kile kile. Bibi Zaina akaingia edani.

Sasa piga hesabu wewe, kama nilivyoipiga mimi. Mvua zikaanza, eda yake haijaisha. Zamu ya wale wengine ikafika, na safari hii mwenye kushindwa kutoka ni Bibi Zaina wangu. Sikulala vizuri wiki nzima.

Ikawa alasiri, nimetoka kuswali, niko barazani kwake namchambulia mchele, yeye yuko ndani. Mlangoni pakapigwa hodi. Mara tatu, polepole. Mimi nimekaa pale pale, mkono wangu unafika mlangoni, na mtu simwoni.

Nikasimama, nikajifunga kanga vizuri. Nikasema, "Mwenyewe yumo. Amefiwa. Amekaa eda."

Kisha ile sauti, karibu na sikio langu, ikasema, "Mpe pole. Mwambie asiwe na haraka."

Hakuna aliyeingia nyumba ile mpaka eda ikaisha. Siku hizo mvua kubwa ilinyesha, na mimi kila ikinyesha nilikuwa namwaza yule mama, analowa wapi. Eda ya Bibi Zaina ilipoisha nikampeleka stendi akaenda kwa wajukuu. Kabla sijafunga kufuli nikasema kwa sauti, karibuni.

Kwa hiyo wewe unayesoma, mwenye nyumba kijijini unayoifunga mwaka hadi mwaka, na wewe unayeshika funguo za watu, nisikilize. Usiingie na simu begani. Piga hodi, toa salamu, usubiri. Kama kuna anayejiandaa kutoka, mpe siku zake. Na ukimkuta mtu amekaa kwenye mkeka na nguo nyeupe, usimfukuze. Hujui mvua zijazo atakayekuwa amekaa hapo ni nani, na atakayesimama mlangoni ni nani.

Mwezi wa sita unakaribia. Jana Bibi Zaina alipiga simu. Kesho naenda kupiga hodi.