Walivyochoma Vidonge Vyangu

Nilikuwa na miaka kumi na sita na kimo cha mtoto wa darasa la nne. Baba alikuwa mfanyakazi kiwandani, kwa hiyo tulitibiwa katika hospitali ya kampuni, na daktari wa huko, mzungu mwenye subira, alitueleza polepole kwa Kifaransa kwamba nina ugonjwa wa Turner. Nimezaliwa nao. Ovari zangu hazifanyi kazi, na sitazaa. Lakini nitasoma, nitafanya kazi, nitaishi vizuri, mradi ninywe homoni za kike kila siku kwa miaka mingi, mifupa isidhoofike kabla ya wakati, na moyo na masikio vipimwe mara kwa mara. Mimi nilishika yale ya kuishi. Baba alishika moja tu, kwamba sitazaa.

Njiani kurudi nyumbani Panda, kambi ya wafanyakazi, baba alinisimamisha. "Hii mambo inabakia kati ya weye na minye," alisema. "Mama yako hapana kujua." Mama akaambiwa ni dawa ya kukuza mwili.

Kisha nchi ikaanguka. Askari walipora maduka, daktari akaondoka na familia yake, mishahara ya kiwandani ikawa hadithi. Rafu za dawa hospitalini zilibaki tupu. Nani angenipima moyo, wakati hata kipimo cha homa kilikuwa kimevunjika? Muuguzi mmoja alinionea huruma, akasema vidonge vya kupanga uzazi vina homoni za aina hiyo ndani, nivitumie mpaka mambo yatengenee. Basi mama akawa anafuata samaki wakavu ziwani Tshangalele, anawauza sokoni, ananipa pesa nijinunulie pakiti. Hakuwahi kuuliza ni vidonge gani.

Vilifanya kazi. Kifua kilijaa kidogo, na nilipofika miaka kumi na minane damu ikaja. Mama alilia kwa furaha. Baba alijua fika kwamba damu ile inaletwa na vidonge, lakini naye alichinja jogoo.

Kwetu msichana akiona damu ya kwanza hufungiwa ndani na kufundwa na wanawake wakubwa, ndiyo kisungu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuja kutoka Kapolowe kukisimamia. Walinipaka unga mweupe usoni, wakanifundisha namna ya kumtunza mume, namna ya kulala ukiwa na mimba, namna ya kusukuma mtoto. Nilikaa kwenye mkeka nikiyasikiliza yote hayo huku baba akinywa pombe ya pongezi uani. Nilitamani kupasuka.

Siku ya kutolewa nje, shangazi alikunja godoro langu akaona pakiti. Alivijua vidonge vile, aliwahi kuviona kwenye zahanati ya misheni. Alisema mwali hawezi kutolewa huku anafunga tumbo lake lisipate mtoto, akaitupa pakiti kwenye babula, juu ya makaa, na wanawake wakaimba. Nilimtazama baba aliyekuwa amesimama mlangoni. Neno lake moja lingetosha. Aliangalia viatu vyake.

Mwezi uliofuata damu haikuja, na uliofuata pia haikuja. Ingekujaje? Nilimfuata baba nikamwomba aseme ukweli ili ninunuliwe dawa nyingine. Aliniambia ningoje kwanza shangazi apoe. Pesa ya samaki mama hakunipa tena, maana shangazi alikuwa amemweleza vidonge vile ni vya nini, na alipoona sifui vitambaa vya damu alimwita shangazi.

Shangazi alituketisha sebuleni. "Huyu mutoto iko na mimba," alisema. "Njo maana alikuwa anakunywa ile dawa. Aseme ni ya nani."

Mama alianza kulia. Walitajwa fundi cherehani wa jirani na kijana mmoja wa kwaya, watu ambao hata salamu zao nilikuwa naitikia kwa mbali. Mwishowe wote wakamgeukia baba. Alikohoa, akaniambia nitaje jina tu, huyo mwanaume aitwe aje kujieleza.

Sijamchukia mtu maishani kama nilivyomchukia baba pale. Aliona afadhali dada yake anidhanie malaya kuliko kusikia kwamba amezaa tasa.

"Hakuna mwanaume," nilisema. "Hakuna mimba, na haitakuwako. Minye siwezi kuzala. Baba anajua tangu ile siku ya docteur."

Shangazi alimngoja baba akanushe. Mama alifuta machozi, akamuuliza baba kwa sauti ya chini, "Ile dawa balichoma, njo ilikuwa inamusaidia?"

Baba aliinamisha kichwa. Mama alijifunga kitambaa akaenda sokoni kunitafutia vidonge, siku ile na siku nyingi baadaye, na kila mara alirudi mikono mitupu. Muuguzi alikuwa amehama, na waliokuwa wakiuza vidonge hawakuwa tena na vya kuuza. Nilikaa zaidi ya mwaka bila dawa. Siku moja niliteleza kisimani na ndoo ndogo tu, mkono ukavunjika mahali pawili.

Shangazi alikuja kuniona nikiwa nimefungwa plasta mkononi. Alileta kikapu cha mihogo, akanibembeleza nimsamehe baba, kwa kuwa mwanaume naye huona haya. Nilimwambia arudi na mihogo yake Kapolowe.