Kaseti ya Tano

Juzi kijana wangu alikuwa sebuleni na simu yake, mimi niko jikoni nakatakata sukuma wiki, nikasikia ngoma. Ngoma nne nzito, kimya kidogo, halafu mlio wa mfuniko wa sufuria ukianguka sakafuni. Kisu kikanitoka mkononi. Kijana akaja mbio akidhani nimejikata. "Mum, unawajua hawa? Ni wa kitambo sana," akaniambia, kwa ile huruma watoto wa siku hizi wanayotuonea sisi tuliozaliwa kabla ya simu za kuguswa. Nikamwambia ninawajua. Kisha nikatoka nje nikajifanya naanua nguo, na nguo zenyewe zilikuwa bado zinachuruzika maji.

Ninawajua! Hebu niwaambie nyinyi, maana yeye sikuweza kumwambia. Amerika sijawahi kufika. Kiingereza cha wale watu nusu yake nilikuja kukielewa nikiwa mtu mzima, na nilipokielewa niliona aibu jinsi nilivyokuwa nikikiimba mbele ya mke wa mchungaji, naye akinipigia makofi. Lakini historia yao niliisomea vizuri, katika zizi la ng'ombe, huko juu ya Molo ukielekea Olenguruone, kwa mwalimu mmoja tu. Mwalimu huyo alikuwa kaka yangu Kibet.

Kibet alikuwa amemaliza shule na kazi hakuna, kwa hivyo alikuwa akipakia viazi kwenye malori. Mimi nilikuwa darasa la sita. Kulipokucha tulikamua ng'ombe pamoja, pumzi zetu zikitoka kama moshi, maana baridi ya kule nyinyi wa mjini hamuijui. Yeye alikamua, mimi nilishika mkia na kujibu maswali. Redio ndogo ilining'inia kwenye msumari, na ndani yake kulikuwa na kaseti ya wale wanne, vijana wa Amerika wa muziki wa kughani. Hivyo ndivyo alivyowaita, wale wanne, na kila mmoja alimpa jina la kwetu: Mrefu, Mnene, Mwalimu, na yule wa kuchezesha sahani za santuri ambaye hakuwahi kuhojiwa akasema neno, huyo tulimwita Bubu. Mama aliwaita wahuni. "Zimeni hao wahuni, maziwa yataganda!" alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni.

Habari zao Kibet alizikusanya kwa shida. Alisoma maandishi madogo ya ndani ya kasha la kaseti mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo. Alisikiliza kipindi cha redio cha Jumamosi mchana. Akishuka Nakuru na lori, alipitia kwa wauza mitumba, ambako magazeti ya Amerika yalikuja yamefungiwa viatu, na alirudi na kurasa zimekunjwa ndani ya soksi. Kisha alinifundisha, na alinifundisha kwa ukali. Kaseti ya kwanza ilirekodiwa wapi? Jikoni kwa nyanya yake Mnene, katika ghorofa ya watu maskini, na ndiyo maana katika wimbo wa kwanza mfuniko unaanguka, nyanya alikuwa anapika. Waliiuza wapi? Kwenye buti ya gari la mjomba. Ya pili? Walisaini na kampuni kubwa, wakapata jina, kampuni ikawala. Ya tatu? Mnene alikuwa jela, na wenzake walikataa kumweka mtu mwingine mahali pake. Kila zamu yake ilipofika waliacha ngoma tupu, hakuna anayeimba, mpaka zamu yake iishe. Hapo Kibet alikuwa akiacha kukamua, ananyoosha kidole, tunasikiliza ule utupu. "Hao ni watu, Chela," alikuwa akisema. Ya nne? Mnene ametoka. Anaanza yeye.

Nikikosea alinirukia. Hakuacha kosa lolote lipite. Nikisema Mrefu badala ya Mwalimu, alisimama na ndoo mkononi, "Nani amekwambia? Umesikia wapi?" Ubishi wake ulikuwa wa kuudhi, kusema kweli. Hata mchungaji aliwahi kumsahihisha habari za manabii katikati ya mahubiri, na Mama akatamani ardhi ipasuke immeze.

Basi Jumamosi moja Kibet alikuwa kazini, mimi niko peke yangu nyumbani namenya viazi, na mtangazaji wa kile kipindi cha redio akasema wale wanne wameachana. Aliisema harakaharaka tu halafu akacheza tangazo la sabuni. Walikuwa wamegombana, Mrefu ameenda zake, Mnene hataki hata kuwaona, hakutakuwa na kaseti nyingine. Nililia hadi kamasi zikaingia kwenye viazi. Nikaapa Kibet hatajua. Nilijua angeumia kuliko mimi, kwa sababu mimi niliwapenda wale watu lakini yeye aliishi nao. Aliporudi jioni nilimpa chakula, nikamwambia betri za redio zimekwisha. Hakuuliza kitu. Alikula, akalala mapema.

Kisha ikaja ile mvua. Walikuwa wanapakia lori shambani kwa jirani, yale magunia ya lumbesa yaliyojazwa mpaka yakaota kichwa cha pili kilichoshonwa kwa kamba, na Kibet alikuwa juu kabisa akiyapanga. Akateleza. Alianguka chini akapiga kichwa kwenye chuma cha nyuma ya lori. Wenzake wanasema aliinuka mwenyewe, akacheka, akajipangusa matope, akaendelea na kazi. Alirudi nyumbani kwa miguu yake. Akanywa chai. Mama akamkemea kwa kuchafua suruali. Halafu akatapika, akashika kichwa, akaanza kuongea polepole kama mtu aliyeamshwa.

Sista wa zahanati alimmulika macho kwa tochi, na nikaona uso wa sista ukibadilika. "Mama, huyu anatakiwa Nakuru sasa hivi." Gari la kumbeba halikuwepo, lililokuwepo ni lori lile lile la viazi, na dereva, Mzee Njoroge, hakuuliza hata swali. Ndani kwa dereva asingeweza kulala, kwa hivyo tukampandisha juu ya magunia, tukafunika na turubai, mimi na Mama tukaingia naye. Kabla hatujaondoka sista akapanda kwenye gurudumu, akatuambia, mvua ikimnyeshea: "Asilale. Muulizeni maswali, vitu anavyovijua vizuri. Akianza kukosea, mkifika mwambieni daktari ni saa ngapi alianza. Hiyo ni alama mbaya."

Chini ya lile turubai kulikuwa na giza la kijani, na harufu ya udongo mbichi na gunia bichi. Kichwa cha Kibet kilikuwa mapajani mwa Mama. Mama akaanza. "Kibet, mimi ni nani?" "Wewe ni Mama." "Nani alijenga safina?" Kimya. "Kibet! Nani alijenga safina?" "Mama, niache nilale." Macho yakaanza kufunga. Mama akampiga makofi mashavuni, akamtajia mitume, akamtajia watoto wa Yakobo, akaimba, akalia, na macho bado yanafunga.

Ndipo nikainama sikioni mwake. "Kaseti ya kwanza ilirekodiwa wapi?"

Akafungua jicho moja. "Jikoni."

"Kwa Mrefu."

"Kwa nani?" Haki ya Mungu, alijaribu kuinuka. "Nani amekwambia? Kwa nyanya yake Mnene."

Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye. Mama yangu, aliyewahi kuitupa ile redio kwenye shamba la viazi, akanishika bega akanitikisa. "Muulize tena! Muulize habari za hao wahuni! Uliza, Chela!"

Nikauliza. Niliuliza majina ya nyimbo, upande wa kwanza na wa pili. Nilikosea makusudi ili anibishie, na alinibishia, sauti ikizidi kuwa nyembamba. Lori lilipanda na kushuka, tope linarukia turubai, na kila likiyumba Mama alimkumbatia kichwa kwa mikono miwili. Niliuliza kampuni iliwala vipi. Niliuliza Mnene alifungwa kwa nini. Alijibu yote, hakukosea. Nilianza kuamini tutafika.

Kisha tukakwama. Kulikuwa na kilima, tope hadi kwenye ekseli, magurudumu yanazunguka bure, Mzee Njoroge anatukana huku anamwomba Mungu, watu wanatumwa wakatafute trekta. Na maswali yangu yakaisha. Kaseti ya nne tulikuwa tumeimaliza, hadi wimbo wa mwisho. Mbele yake kulikuwa na lile jambo moja tu, nami nisingeweza kumtamkia kaka yangu pale juu ya magunia kwamba wale wanne hawapo tena. Nikanyamaza. Machozi yakanitoka, yakamdondokea shingoni.

"Mbona umenyamaza?" akasema. "Uliza."

"Sasa nikuambie mimi," nikasema. "Nilisikia kwa redio. Wanatoa kaseti ya tano."

Nilingoja anirukie. Niliutaka ubishi ule kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nani amekwambia? Umesikia wapi? Alinitazama tu, kwa muda mrefu, macho yake yametulia kabisa.

"Ni kweli," akasema.

Nikajua kuna kitu hakiko sawa, lakini sikuweza kuacha. Nikamwambia wamerudi kurekodi kwa nyanya. Nikamwambia Bubu naye ameimba, safari hii ataongea. Nilisema upuuzi mtupu, na Kibet, ambaye hakumwachia hata mchungaji, alikuwa anatikisa kichwa akikubali kila kitu. Mwishoni akatabasamu upande mmoja. "Na Mnene ndiye anaanza," akasema. Kaseti niliyoitunga mimi pale pale, na yeye ananitajia anayeianza!

"Mama!" nikapiga yowe. "Amekosea! Mama, ameanza kukosea!"

Mama alichomoka chini ya turubai akaenda akapiga paa la dereva kwa ngumi. "Twende! Njoroge, twende, mtoto wangu anakwisha! Twende!" Na Mzee Njoroge anajibu kwa sauti ya kulia, "Twende wapi, mama? Twende wapi?" Nilibaki nimemshika Kibet mkono. Hakusema neno lingine. Nilimuuliza kaseti ya kwanza ilirekodiwa wapi, nikamuuliza tena na tena mpaka trekta ikaja, na baada ya trekta, na njia nzima ya Njoro hadi Nakuru.

Hospitalini Mama alieleza maneno ya sista, na daktari kijana mwenye macho yaliyochoka akainama hadi usawa wangu. "Alianza kukosea wapi?" Nikamwambia, "Kwenye kaseti ya tano." Hakucheka. Akaniuliza hiyo ilikuwa wapi njiani, nikamwambia pale tulipokwama. Wakamkimbiza ndani. Walijitahidi, siwezi kusema hawakujitahidi, lakini damu ilikuwa imejaa kichwani, na Kibet akafa kesho yake asubuhi, Mama akiwa ameshika miguu yake kwa sababu huko juu kulikuwa na mipira mingi ya kupumulia na ya dawa.

Tangu siku hiyo niliamini kwamba kaka yangu alifia pale kilimani. Yaani aliyefika Nakuru ulikuwa mwili. Niliamini kwamba akili ilimtoka wakati nikimdanganya, na kwamba maneno yangu ya mwisho kwake niliyasema kwa mtu ambaye hayupo. Nimepita kile kilima mara nyingi, siku hizi kuna lami, na kila mara nafumba macho. Mume wangu alidhani naogopa kona.

Toni, aliyekuwa akipakia viazi pamoja na Kibet, nilikutana naye Nakuru sokoni nikiwa tayari na watoto. Ana stoo yake ya viazi sasa, na kitambi. Tulikumbushana, tukacheka, nikamsimulia habari za lori na kaseti ya tano, nikamwambia hapo ndipo akili ilipomtoka, akakubali kaseti isiyokuwepo, wala hakuwahi kujua kwamba wale watu walikuwa wameachana.

Toni akaacha kucheka. "Chela, si alijua. Tulikuwa kwa kibanda cha chai hiyo Jumamosi, redio imewashwa. Alikaa pale mpaka chai ikapoa. Halafu akanishika shati. Akaniambia, 'Usithubutu kumwambia Chela. Hao watu ndio furaha yake. Nitamwambia mwenyewe akikua.'"

Nilikaa chini, pale pale, juu ya gunia la mtu.

Kwa hivyo alinisikia. Kila neno. Alikuwa na kichwa kinachopasuka, yuko kwenye tope chini ya turubai, na akamwona mtoto wa darasa la sita analia kwa hofu, anatunga kaseti isiyokuwepo, akajua ni uongo, akajua ni kwa ajili yake. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaacha kubisha. Akaniongezea na Mnene. Mimi nikapiga yowe kwamba amekosea, na yeye akalisikia hilo pia, na sijui alilipokea vipi, wala hakuna wa kumuuliza. Daktari nilimwambia vibaya, na Mama akaenda kaburini akiamini hivyo hivyo. Kaka yangu alikuwa hapo pamoja nami, mzima wa akili. Hakukosea hata swali moja.