Geti Halikuvunjwa

Ko, ko. Kufuli lilikuwa kubwa kama ngumi ya mwanamume, na kila asubuhi shemeji Kassim alipolifungua liligonga bati la geti mara mbili, halafu mnyororo ukateremka kwa mlio wa misumari inayomwagwa kwenye sinia. Miaka imepita. Bado nikisikia mlio unaofanana na ule, hata kwenye spaza ya jirani wakifungua duka, mikono yangu inaacha ilichokuwa ikifanya.

Siku ile mnyororo ulilia kama kawaida. Ilikuwa Jumatatu ya baridi, ile baridi ya Joburg inayomfanya mtu wa Tanga avae sweta mbili na kanga juu yake na bado alalamike. Nikaingia nikiimba. Nilikuwa mtu wa kuimba asubuhi, nawaambia msije mkadhani nilizaliwa na hasira hii.

Karakana yetu ilikuwa Jeppestown, ya mawe ya makaburi. Mimi nilisoma hadi darasa la saba tu, nikaja kwa dada yangu Zaina, na mumewe Kassim, ambaye ndiye msimamizi, akanipatia kazi ya kung'arisha mawe. Maji, sabuni, mashine, hadi uone uso wako ndani ya jiwe la marehemu wa mtu. Herufi alichonga Papa Dieudonné, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Mwenye karakana alikuwa mzee Mwarmenia, Vartani. Sisi tulimwita Babu.

Nyuma ya uwanja, karibu na ukuta, Babu alikuwa na mji.

Nasema mji kwa sababu ndivyo tulivyouita. Kila Jumamosi baada ya kazi alichukua masalia, vile vipande vinavyobaki jiwe la kaburi likishakatwa, akaviweka kimoja kimoja juu ya kifusi alichokitengeneza kama kilima. Kila mfanyakazi alikuwa na jengo lake. Mji ule ulikuwa Ani, mji mkuu wa Waarmenia wa zamani sana, uliosimama kwenye ncha ya mwamba, mto ukipita chini. Babu alisema watu waliuita mji wa makanisa elfu moja na moja. Misafara ya biashara ilipita pale, wafalme wakajenga, mafundi wakaja kutoka mbali, mji ukapendeza hadi wakubwa wa nchi nyingine wakaanza kuutamani.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuukanyaga. Alipokuwa kijana aliuona kwa ng'ambo ya mto tu, maana mpaka wa nchi ulipita katikati, na askari hawakuruhusu. Alisimama upande wake akahesabu kilichobaki.

"Ukuta wake ulikuwa wa safu mbili," aliniambia. Tuliongea Kiingereza cha kuokoteza, mimi na yeye, lakini tulielewana. "Na haukuvunjwa."

"Sasa waliingiaje, Babu?"

"Walipewa funguo."

Akanieleza. Mfalme wao aliitwa kwa mfalme mkuu wa Konstantinopoli, kama mgeni. Akazuiwa asirudi. Huku nyumbani wakubwa wa mji wakakaa kikao, wakaona bora wajisalimishe kwa amani, wakatoa mji. Wakadhani huyo mkuu atawalinda. Aliwapunguza askari wao, basi. Miaka kama ishirini mbele Waturuki walipokuja, ukuta ulikuwepo, watu wa kusimama juu yake hawakutosha. Wakauawa wengi. Baadaye wakaja wengine, na wengine, na tetemeko, na biashara ikahamia njia nyingine, hadi mji ukabaki wa mbuzi.

Nilimwuliza kwa aibu kama hao Waturuki walikuwa Waislamu kama mimi. Akasema ndiyo, na kuna msikiti pale, mnara wake una pembe nane na umesimama hadi leo. "Utaujenga wewe," akasema.

Niliuchonga kwa tindo miezi mitatu, wa graniti nyeusi, urefu wa mkono wangu hadi kiwiko. Papa Dieudonné alichonga simba wa juu ya lango. Kassim hakujenga kitu.

"Shemeji, badala ya kuota nyumba yako Tanga, unawajengea wazungu mji."

"Mwache mtoto aote, Kassim," Papa Dieudonné akamjibu. "Wewe uliacha kuota ukabaki na kukoroma."

Tulicheka wote, Kassim akiwemo. Hicho ndicho kinachonichoma, kwamba alikuwa mtu wa kucheka naye.

Basi, Jumatatu ile, kabla ya adhuhuri, moshi ukaanza upande wa reli. Simu zikaanza kulia, kwamba wageni wanasakwa na kupigwa. Maduka ya mtaani yakafungwa moja baada ya jingine. Watu wa uchochoro wetu, Wamalawi, Wakongo, mama mmoja Mburundi na mapacha wake, walikimbilia kwetu kwa sababu ya ukuta wetu mrefu. Babu akasema wote waingie. Kassim akafunga geti. Kufuli lile lilikuwa na funguo mbili: mmoja shingoni kwa Babu, wa pili kiunoni kwa Kassim.

Papa Dieudonné aliinamisha kichwa akisikiliza nyimbo za mbali.

"Labda maandamano," nikasema.

"Hapana, mama. Maandamano yanaimba yakisimama. Hawa wanaimba wakija. Mimi nimeshakimbia hii mara moja." Akaanza kujaza ndoo maji na kulowesha matambara, taratibu, kama mtu anayepanga vyombo.

Upande wa pili wa ukuta aliishi MaDlamini, bibi aliyezaliwa mtaa uleule. Ukuta ulikuwa na vioo vilivyopandwa juu. Alitupa mablanketi yake mazuri, yale ya harusi ya mwanawe, yakafunika vioo, akatushushia ngazi yake na kusimama upande wake juu ya pipa.

"Wozani," alituita. "Watoto kwanza. Haraka, lakini msisukumane."

Wakaanza kupanda. Mmoja mmoja. Ngazi ilikuwa ya mbao na ilihimili mtu mmoja tu.

Wale waliokuwa wakiimba wakafika getini.

Sitaeleza waliyoyasema. Walirusha mawe, bati likabonyea. Mwanamume mmoja akaanza kuukwea ukuta wa mbele.

Papa Dieudonné alitafuta cha kumrushia. Karakana nzima ya mawe, na hakuna jiwe la kurusha. Yote yalikuwa mabamba ya watu wawili kubeba.

Babu akauinamia mji wake. Akang'oa kuba la kanisa kuu, akampa.

"Chukua," akasema. "Chukua vyote."

Nilipokezana naye. Makanisa, daraja, kuta, ile safu ya nje na ile ya ndani. Simba wa lango aliondoka mkononi mwa aliyemchonga. Aliyekuwa akikwea akashuka. Na ngazi ikaendelea, dada Zaina akavuka, mama wa mapacha akavuka.

Nilipofika kwenye mnara wangu sikuweza. Niliuficha ndani ya sweta. Nimejiuliza sana kama jiwe lile moja lingetuongezea muda. Lisingeongeza. Lakini nimejiuliza.

Tulibaki watatu wa kupanda. Mimi, Babu na Papa Dieudonné.

Kassim akatoka ofisini na simu mkononi.

"Nimeongea na mtu wangu aliye nao huko nje. Wanataka mashine tu. Watu hawawagusi."

"Wakishapata mashine ndipo watakapotukumbuka," Papa Dieudonné akasema.

"Geti litavunjwa, mzee wangu. Bora lifunguliwe kwa heri."

"Dakika tano, Kassim. Tumebaki watatu. Tano tu."

Papa Dieudonné alinishika kiuno akanipandisha ngazi kwa nguvu kama gunia. Nilikuwa juu, MaDlamini ameshashika mkono wangu.

Ko, ko.

Mnyororo.

Nikageuza kichwa. Niliona mgongo wa Papa Dieudonné, ameusimamisha mbele ya Babu, mikono mitupu, mji ukiwa umeisha. Kisha nikavutwa nikaangukia upande wa pili.

MaDlamini alitumiminia chai. Nakumbuka kikombe, chenye ua la bluu. Polisi walifika wakati chai ile bado haijapoa, wale watu wakatawanyika. Watu wanaponiambia Kassim hakuwa na la kufanya, huwa nawaeleza habari ya kikombe kile. Sikuwa nimekimaliza.

Papa Dieudonné alifia uwanjani, kati ya vipande. Babu alivunjwa mkono wa kulia. Kassim hakuguswa, ahadi yake ilitimizwa kwake peke yake, alipita getini akaondoka kwa miguu. Mashine zilikwenda. Jiwe la kaburi la Papa Dieudonné nilichonga mimi, na herufi zangu zimepinda, maana mwalimu wangu wa herufi ndiye aliyekuwa chini yake.

Nina hasira. Nilidhani itapungua, kama watu wanavyosema. Wale wa nje siwajui majina, na hasira juu ya mtu usiyemjua inachoka yenyewe. Ya Kassim haichoki. Anaishi Troyeville, anaswali, ananipungia mkono kwenye robot, zile taa za barabarani. "Shemeji, geti lingevunjwa tu," anasema. Huenda. Lakini halikuvunjwa, na hilo ndilo ninalolijua. Hata wale wakubwa wa Ani, nadhani, walikwenda kaburini wakisema wameuokoa mji.

Babu yuko Kensington kwa mpwa wake. Vidole vyake havifungi. Mwaka juzi alinivulia ufunguo wake shingoni, akasema kama naweza, nifungue tena. Nikafungua. Nina mashine moja ya mkopo na msichana mmoja wa kunisaidia, mjukuu wa MaDlamini. Nyuma, juu ya kifusi, upo mnara tu. Babu akija huuliza, "Hujauongezea kitu?" Namwambia bado. Ninaota kwenda siku moja kuuona wenyewe, nikaguse zile pembe nane. Ndoto bado ninazo, hawakuzichukua zote.

Wiki iliyopita Zaina alinipigia. Kassim hana kazi. Anaijua karakana kuliko mtu yeyote. "Mrudishe, mdogo wangu. Ni baba wa watoto wangu. Mpe hata ufunguo awe anakufungulia asubuhi, wewe unachelewa kuamka."

"Dada, watoto wako ni wangu, wakila kwako wakila kwangu ni mamoja," nikamjibu. "Ufunguo, hapana."

Alilia. Na mimi nililia, ila baada ya kukata simu.

Kesho yake nilinunua kufuli jipya. Ndani ya boksi zilikuwemo funguo mbili, zimefungwa pamoja kwa waya. Nilisubiri yule msichana aondoke. Nikautia mmoja kwenye uzi, nikauvaa. Wa pili niliubana kwenye jiriwa, nikawasha grenda, nikausaga, meno kwanza, halafu shingo, halafu kile kitundu cha kuning'inizia, hadi pakabaki vumbi la njano kwenye sakafu. Nikalifagia.