Mize Alivyomsubiri Mwandani

Mize binti Jecha, mchambuaji karafuu wa Mtambile, alianza kutema damu mwaka 1959. Mumewe akamrudisha kwao kabla msimu haujesha. Hospitali wakamwambia amechelewa. Ndipo aliposhika njia ya Vitongoji kwa Bi Zuweina, mlezi wa watu wanaotaka kumbeba Mwandani.

Mwandani si jini. Ni kiumbe hai, laini mfano wa jongoo wa pwani, aliyekutwa zamani kwenye mapango ya ufukweni. Huingia kwa kinywa, akajilaza chini ya mbavu. Hula ndani ya mwenyeji wake, naye humtengenezea palipooza, hata mapafu. Mzee Nabhan, aliyembeba miaka mingi, alikuwa amekufa kwa uzee, na Mwandani amebaki ndani ya mtungi wa maji ya bahari, anafifia.

Waliokuja kujaribiwa walikuwa wengi. Bi Zuweina aliwawekea pweza mchanga kifuani, pweza akawatambalia mpaka shingoni. Aliyekunja ngumi alirudi kwao. Wakabaki Mize na Mwanapili wa Kojani, msichana mnene asiye na ugonjwa wowote.

"Wewe mzima umefuata nini huku?" Mize alimuuliza.

"Mama kachoka kunilisha," Mwanapili akacheka. "Kasema na mimi nikalishe mwengine."

Mize hakucheka. Alimshinda msichana yule kwa kila kitu: kukaa majini hadi pumzi ikawa kama ya aliyelala, kulegeza koo, kutoogopa.

"Nitaanza na wewe," Bi Zuweina akamwambia.

Neno hilo likamtia hofu. Utampokeaje mgeni kama huyo bila kujitakasa? Akafunga. Akawa anafuturu kwa funda la maji, siku baada ya siku, bila kumwambia mtu. Chakula chake akimpa Mwanapili, naye hakukataa.

Asubuhi ya kuingizwa alilala chali mkekani. Akamhisi Mwandani akipita kooni, wa baridi, akiteremka mpaka pale panapouma. Kifua kikanyamaza. Machozi yakamtoka Mize. Kisha Mwandani akageuka huku, akageuka kule, kama mtu anayepapasa chungu gizani, akaanza kupanda. Mize akafumba mdomo kwa nguvu zote. Mwandani akamponyoka, akaangukia kiganjani mwa Bi Zuweina, amekunjamana.

"Umekula nini jana?"

"Nimefunga, Bi."

"Na juzi?"

"Nimefunga."

Bi Zuweina akamtazama Mwandani kiganjani mwake. "Yarabi! Sasa atakula nini humo, mwanangu? Nani angedhani mtu anahitaji kuambiwa ale?"

"Basi nipe chakula sasa hivi! Nipe chochote!"

"Hatangoja. Mtazame."

Bi Zuweina akamtia Mwandani kinywani mwa Mwanapili. Msichana akashtuka, akatulia, akashika mbavu zake kwa mshangao. Mwandani hakutoka tena, wala akishatulia hatoki mpaka mwenyeji wake afe. Na Mwanapili hajatimiza miaka ishirini.

Mize alikuwa ameshaivuta sufuria ya muhogo wa nazi. Alikula kwa mikono miwili, bila kutafuna, kisha akamgeukia Bi Zuweina, akalala chali, akapanua kinywa.