Wageni Walioondoka Bila Kuaga

Mwanamke aliyekuwa mpimaji wa maziwa wa chama chetu cha wafugaji alinijia chuoni Kitale akiwa bado amevaa gambuti na koti lake jeupe. Alisimama mlangoni mpaka nilipowaruhusu wanafunzi watoke. Nilimpa kiti, hakuketi.

"Mwalimu, Ijumaa wananifuta kazi."

"Kwa kosa gani, mama?"

"Ati situmi majibu. Na mimi natuma! Nabonyeza, kompyuta inaandika 'imetumwa'. Kufika Bungoma wanasema hakuna kitu."

Sikuwa mgeni wa habari hiyo, kwa kuwa nami nina ng'ombe wawili na kila asubuhi hupeleka mkebe wangu pale pale. Maziwa yetu hupimwa Kitale, kisha lori huyapeleka kiwandani Bungoma. Kabla lori halijafika, programu ya Kitale hupaswa kuijulisha programu ya Bungoma kwamba maziwa yamepimwa na ni safi. Bungoma isipopata habari hiyo, mlinzi hafungui lango, na maziwa hubaki juani. Majuma yale maziwa yalikuwa yamemwagwa zaidi ya mara moja. Wafugaji walitaka mtu wa kulaumiwa, na katika nchi yetu mtu huyo hatafutwi mbali: huwa ni yule aliye karibu na hana cheo.

Nilimwendea mwenyekiti wetu, mkulima wa eneo liitwalo Kwanza ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka mkoa wa kati.

"Si mashine haisahau, mwalimu?" akaniambia. "Mtu ndiye husahau. Wakizima na kuwasha kompyuta ya kule Bungoma, majibu yake yanaanza kufika. Maana yake ni nini? Maana yake alikuwa amelala, akashtuka."

"Niruhusu nikaangalie."

"Angalia. Lakini Ijumaa ni Ijumaa."

Alhamisi nilipanda lori la maziwa, nikaketi kando ya dereva. Nilikuwa nimechoka kabla ya kuanza safari. Umri huu wangu umenifundisha kwamba kosa la mashine hurekebishwa kwa saa moja, na kosa la watu waliokwisha kuamua hukosa fundi. Tulipofika Bungoma lango lilikuwa limefungwa. Mlinzi alitikisa kichwa kabla hatujamsalimu. Nilishuka, nikamwacha dereva akifunika mikebe kwa turubai, nikaingia kwa miguu.

Programu zote mbili, ya Kitale na ya Bungoma, ziliandikwa na mtu mmoja, mwajiriwa wa kiwanda, mzee wa kanisa, rika langu. Sote wawili tumezaliwa karibu na Kanduyi, nje kidogo ya Bungoma. Alinipokea kwa mikono miwili.

Hapa sina budi kueleza ninachowafundisha wanafunzi. Programu mbili zilizo mbali hazizungumzi hivi hivi. Ile inayosubiri hutengeneza soketi, yaani mlango wake wa mazungumzo, huupa nambari, kisha hukaa ikisikiliza. Ile yenye habari nayo hutengeneza soketi yake, ikaenda kubisha kwenye nambari hiyo. Ikikaribishwa hutengewa soketi mpya iliyo yake peke yake, mfano wa chumba cha wageni, na mlango mkubwa hurudi kusikiliza wengine. Habari ikiisha kusemwa, huagana, na chumba hufungwa. Wanafunzi wangu hujua kubisha na kukaribisha kwa siku moja. Kuaga wengi wao huhitimu hawajakujua, na hilo si la kompyuta peke yake.

Nilimwomba anionyeshe soketi zilizo wazi. Zilijaza kioo kizima. Zote zilikuwa za Kitale, na baadhi zilikuwa wazi tangu alfajiri.

"Hawa ni akina nani?" nikamuuliza.

"Wageni."

"Wanasema nini?"

Akainama kwenye kioo. "Wamenyamaza."

Hawakuwa wamenyamaza, hawakuwapo. Kitale stima hupotea na kurudi asubuhi nzima, na kila inapopotea, programu ya kule hukatika katikati ya maneno, haina nafasi ya kuaga. Ya Bungoma, kwa kutopata kwaheri, iliendelea kumngoja aliyekwisha kutoweka. Vyumba vyake vilikuwa na kikomo. Kabla ya adhuhuri vyote vilikuwa vimejaa watu wasiokuwapo, na majibu ya mama yule yalifika yakabaki yamejipanga nje ya mlango. Kompyuta yake ilijua tu kwamba yamefika mlangoni, ikaandika 'imetumwa'. Kisha mtu wa kiwandani alizima na kuwasha mashine, foleni yote ikapotea, na majibu yaliyofuata yakaingia bila shida. Hivyo ndivyo mwanamke aliyekuwa macho alivyoonekana amelala.

"Kwa nini hukuweka muda?" nikasema. "Mtu akinyamaza kupita kiasi, funga soketi yake."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia ampige mkwewe.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa kwetu. Kwenu mgeni anaambiwa 'sasa nenda'?"

"Hii ni programu."

"Mimi niliiandika kwa adabu. Mgeni huaga mwenyewe, ndipo unamsindikiza."

"Na akifa njiani?"

Akasogeza kiti nyuma. "Kesho adabu yako itamfuta mtu kazi," nikamwambia. Alitazama saa, akasema kwamba hawezi kufanya kazi na mgeni mwenye njaa.

Basi tukaenda nyumbani kwake Kanduyi. Mkewe alikuwa amepika kuku na ugali wa wimbi. Nilikula, nikashukuru, nikaomba ruhusa ya kuondoka. "Bado." Nikaomba tena. "Chai inakuja, bana, chai haikimbiwi." Maziwa yalikuwa yakiganda langoni, na mtu mzima alikuwa akingoja hukumu yake Kitale, nami nashikiliwa kwa ukarimu. Uchovu uliniteremkia mabegani. Nikaacha kuomba. Nikaweka mikono magotini, nikanyamaza kabisa.

Hakuvumilia.

"Mwalimu, uko?"

Nikakaa kimya.

"Shemeji yako, ona, mwalimu amelala!" akamwambia mkewe kwa sauti. Kisha akaniinamia. "Hebu sema kitu. Uko?"

"Umeniuliza mara mbili," nikasema. "Wale wa kwenye mashine umewauliza mara ngapi?"

Mkewe alicheka hadi akaweka birika chini. "Na hilo ni kweli. Mtu akinyamaza kwangu, mimi namgusa bega."

Mume alijikuna kidevu muda mrefu. "Wewe ni mbaya," akasema mwishowe, na akainuka bila kuimaliza chai.

Tuliporudi kiwandani aliirekebisha kwa mkono wake. Tangu siku ile, mgeni akinyamaza, programu ya Bungoma humuuliza kama yupo. Asipojibu, huulizwa tena. Asipojibu tena, soketi yake hufungwa. Nilimsihi aongeze jambo moja, naye akakubali: kompyuta ya Kitale isiandike 'imetumwa' tu, bali isubiri jibu la Bungoma, ndipo iandike 'imepokelewa'. Maziwa ya siku ile yalimwagwa hata hivyo.

Ijumaa niliwaeleza wanakamati. Walinisikiliza vizuri. Mwenyekiti alifikiri kidogo, akasema, "Haya, basi yaishe," na wakaendelea na habari ya bei ya chakula cha ng'ombe. Mama yule alikuwa ameketi kwenye benchi la nje. Nilimwambia mwenyekiti kwamba waliomtaja hadharani wana wajibu wa kumsafisha hadharani.

"Si amebaki na kazi, mwalimu? Sasa unataka tumpigie magoti?"

Nimewapa wanafunzi wangu mahubiri marefu juu ya kuomba radhi, na mbele ya watu wazima wenzangu nilitoka nikiwa na kofia mkononi. Nilimweleza mama mwenyewe tuliyoyakuta Bungoma. Aliniuliza, "Kwa hivyo walinihukumu kwa sababu ya mtu aliyekuwa ameshaondoka?" Kisha akaenda kuosha vyombo vyake.

Majibu sasa hufika, na lango hufunguliwa. Lakini foleni ya Kitale imekuwa ndefu, kwa sababu mpimaji hamrudishii mfugaji mkebe mtupu kabla hajamwita mezani ajionee neno 'imepokelewa'. Wafugaji hunung'unika kwamba anawachelewesha. Jumatatu ilipofika zamu yangu, alibonyeza, akakigeuza kioo upande wangu.

"Mwalimu, angalia."

"Nakuamini, mama."

"Sitaki uniamini. Angalia."

Niliinama, nikaangalia.